Karatasi za Mafyulisi

Aljeri, 12 Machi 1970

Mwalimu Secilia,

Salamu nyingi kwako. Mama nampa shikamoo, na umfikishie ukiwa umesimama, asije akasema Mreno akivuka bahari adabu inabaki forodhani.

Nimefika salama na nimepata kazi. Hapa tuko Wareno wengi tulioikimbia serikali ya kwetu na vita vyake. Jioni tunasema redioni, mchana tunagombana. Kila siku wananiuliza nilikuwa wapi miaka yote hii. Nawaambia nilitoroka jeshi, nikavuka Ruvuma kwa miguu, nikafikishwa Lushoto nikiwa sijui hata kuomba maji. Mama mmoja mjane akanipa chumba cha nyuma. Bustani ya miche ikanipa kazi ya kubebesha miti ya matunda. Binti wa yule mama, mwalimu mkali kuliko sajini wangu, akanipa Kiswahili. Wanaamini yote isipokuwa hili la mwisho, kwamba niliacha kuandika mashairi kwa Kireno kwa sababu Kireno changu kilikuwa bado kimevaa buti za jeshi, na kwamba nimeandika mashairi arobaini na moja kwa lugha yenu.

Wananitaka niwaeleze usurealisti, ule ushairi wetu wa kuunganisha vitu visivyokutana, unaingiaje milimani huko. Najibu kama Mama alivyojibu siku ile jikoni, baada ya mimi kuhangaika saa nzima kumfafanulia: "Kumbe ni kubebesha tu, Elisha. Unachukua kijiti cha huku, unakifunga kwenye shina la kule, unangoja uone litazaa nini." Huko Lisboni tulikaa mikahawani miaka kumi hatukupata maneno mazuri kama hayo.

Sasa ombi. Rafiki yangu mmoja ana mtambo mdogo wa kupiga chapa na anayataka mashairi. Sina nakala nyingine. Yale ya zamani polisi wa kwetu waliyachoma yote, sikubakiwa na ukurasa. Haya arobaini na moja ndiyo kazi niliyo nayo duniani. Yamo kwenye lile kasha la mbao chini ya kitanda changu. Tafadhali mkabidhi mtu unayemwamini aendaye Dar es Salaam, nitakuelekeza nani atayapokea.

Pale kituoni Mombo nilikuambia nitarudi kabla mafyulisi mengine hayajaiva. Sijasahau. Kulikuwa na neno jingine nililotaka kusema, lakini basi la Dar lilikuwa limeshaondoka.

Wako,
Eliseu Tramagal


Lushoto, 3 Mei 1970
(Haikutumwa.)

Kaka Eliseu,

Kasha ni tupu.

Sijui nimkasirikie nani. Miaka minne, kila msimu wa mafyulisi, karatasi ulizokosea ulikuwa unazitupia kwenye kasha lile, na Mama anazitoa kufungia matunda yasichubuke njiani kwenda sokoni Soni. Ndiyo ilikuwa desturi yenu, mlikuwa mnacheka nayo. Halafu siku ya kuondoka, wewe mwenye akili zako, ukaona humo humo ndimo mwa kuhifadhi yaliyo mazima! Na hukusema neno kwa mtu. Mama hajui kusoma. Desemba aliinama chini ya kitanda chako, akakuta karatasi nyingi safi, akasema Elisha ametukumbuka kabla ya kuondoka. Kila fyulisi likapata karatasi yake. Yote yameuzwa Soni, yamekwenda Mtae, Mlalo, Bumbuli, Mungu anajua.

Imebaki moja tu, ilinasa kwenye msumari.

Nilipomsomea barua yako alikaa chini hapohapo jikoni, na sufuria mkononi. Amekataa kula tangu jana. Ameniapisha nisikuambie. "Atanichukia," anasema. "Ngoja nife kwanza, ndipo umwambie." Nimeapa, Eliseu. Ni mama yangu.


Lushoto, 3 Mei 1970

Kaka Eliseu,

Barua yako tumeipokea kwa furaha. Sisi hatujambo, Mama anakusalimu sana. Kasha liko salama. Tatizo ni masika, yamekata barabara ya Mombo vibaya na hakuna mtu wa kuaminika anayesafiri. Vuta subira kidogo. Miche uliyobebesha nyuma ya jiko imeshika yote isipokuwa mmoja.

Ni mimi,
Secilia


Aljeri, 9 Oktoba 1970

Mwalimu Secilia,

Masika gani yanayoendelea mpaka Oktoba? Nacheka, lakini nusu tu. Mwenye mtambo ananiuliza kila wiki, na mimi ndiye sasa ninayeonekana mwongo: yule mshairi mwenye kitabu kilicho chini ya kitanda juu ya mlima Afrika.

Najua utasema mwandiko wangu umekuwa mkubwa kama wa darasa la kwanza. Taa ya hapa ni mbaya.

Hati ya kusafiria sijaipata. Kwa hiyo mafyulisi ya mwaka huu yataiva bila mimi, na nimeyaona usingizini yakinigeuzia mgongo. Nakumbuka mambo ya kijinga. Ukungu unaoingia jikoni bila hodi. Mama akimpigia mbwa wa jirani kelele kwa Kishambaa na mbwa akielewa. Wewe ukifuta ubao wa nyumbani kwa kiganja kwa sababu kitambaa kimeibwa na kuku. Hapa kuna jua tupu na watu wanaojua kila kitu. Natamani sana kurudi kwenu, Secilia. Sikujua mtu anaweza kuitamani hivi sehemu ambayo si kwao.

Nitumie mashairi. Nikiwa nayo mkononi nitajua kwamba sikuota.

Eliseu


Mtae, 22 Agosti 1971

Kaka Eliseu,

Unisamehe ukimya. Nimehamishiwa Mtae, huku mwisho kabisa wa milima, ukipiga hatua moja zaidi unaanguka nyikani Mkomazi. Nafundisha watu wazima kusoma. Taifa zima limeingia darasani, wazee kwa vijana, na mimi ninao thelathini na wawili chini ya bati la kanisa la Kilutheri. Kitabu tulichopewa kinaeleza kilimo cha pamba. Huku juu hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mpamba, lakini tunasoma, tunapalilia pamba ya watu hadi jasho linatutoka.

Nina mwanafunzi mmoja, Bibi Rahabu, mjane, umri hata yeye haujui. Ananisumbua kuliko watoto. Jana alinijia baada ya darasa na karatasi aliyoikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Amekaa nayo mwaka na nusu akingoja siku atakayoweza kuisoma mwenyewe. Akaisoma, kidole chini ya kila neno, na nusu saa ikaisha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma kitu ambacho hakuna mtu aliyemfundisha. Nililia mbele yake bila aibu, naye akanigombeza, akasema mwalimu halii.

Nina swali, usiniulize sababu. Mashairi yako yalianzaje? Niandikie mstari wa kwanza wa kila moja, kwa kadiri unavyokumbuka.

Mama anakusalimu. Mwalimu Tobia wa hapa, mtu wa Tanga, naye anakusalimu bila kukujua. Ni mpole na ananisaidia sana.

Secilia


Aljeri, 30 Januari 1972

Secilia,

Naandika kwa mashine, nimepewa na rafiki. Vidole vinakosea, usihesabu.

Swali lako limeniumiza, nasema kweli. Mtu aliye na karatasi mkononi anauliza zinaanzaje? Au hata kasha hujalifungua? Nimekaa na swali hilo wiki tatu. Halafu nikagundua jambo baya zaidi: nakumbuka tisa tu. Niliyaandika nikaweka, sikuyarudia, nilidhani yatanisubiri. Nakutumia mistari hiyo tisa nyuma ya karatasi hii.

Msalimu Mama. Msalimu na huyo mpole wa Tanga.

E.


Mtae, 14 Juni 1973

Eliseu,

Mama tumemzika Jumanne iliyopita, Lushoto, nyuma ya nyumba, karibu na ile miche yako ambayo sasa ni miti. Alilala siku nne tu.

Kwa hiyo kiapo kimekwisha, na nakuambia ukweli wote. Mashairi yako Mama aliyafungia mafyulisi, msimu uleule ulipoondoka. Alidhani ni zile karatasi za makosa, kama kila mwaka. Hakuna barabara iliyokatika. Nimekudanganya miaka mitatu kwa sababu alikuwa anakupenda na aliogopa utamchukia. Nichukie mimi, ndiye ninayejua kusoma.

Siku ya mwisho akili ilikuwa nzuri. Akaniambia: "Mwambie Elisha, zile karatasi nilifungia yale mazuri tu. Yaliyochubuka niliyafunga kwa majani ya mgomba."

Sasa sikiliza yaliyobaki. Ile karatasi ya Bibi Rahabu ilikuwa yako. Wino wako wa kijani, niliujua kabla hajaikunjua. Alinunua mafyulisi Soni, akaona karatasi ina maandishi, akaona ni dhambi kuitupa kabla hajajua inasema nini. Inasema:

Mto umechoka kushuka.
Umekaa kando ya barabara ya Soni,
unasubiri basi la kupanda mlima.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwehu wa karatasi. Nilimwomba balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nathanaeli, atangaze kwamba mwenye karatasi ya wino wa kijani ailete darasani. Akatangaza kwa sauti ileile ya kodi. Eliseu, watu wakaficha kila kitu kilichoandikwa! Wengine wakaniletea vyeti vya ubatizo, wakiapa ndivyo pekee walivyo navyo. Ilibidi Bibi Rahabu asimame baada ya ibada asome yake mbele ya kanisa zima. Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe ndizo hizo? Ninayo, nimezibia dirisha."

Basi zikaanza kuja. Nyingine imefungiwa dawa, nyingine imeliwa na panya pembeni, moja ilikuwa ndani ya mto wa kulalia wa mwanamke wa Mlalo. Watu wamejifunza kusoma kwazo, kwa sababu hakukuwa na kingine zaidi ya pamba. Yule mzee wa dirisha aliniambia, "Mwalimu, kile kitabu cha pamba nakielewa chote na sitaki kukiona tena. Hii siielewi hata kidogo na nimeisoma mara arobaini."

Nimepata kumi na tisa. Wengi hawataki kuziachia, wananiruhusu kunakili tu. Ile mistari tisa uliyonitumia, sita nimeipata.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Secilia


Lisboni, 8 Septemba 1974

Secilia,

Mwandiko huu ni wa Leonor, mtoto wa dada yangu. Kiswahili hajui hata neno. Namtajia herufi moja moja, na tuna siku ya tatu sasa tukiandika, kwa hiyo nitasema yale tu ninayotaka kusema.

Sioni. Taa ya Aljeri haikuwa mbaya, macho ndiyo yalikuwa yanazimika. Madaktari wameyashindwa. Nilikuficha, nawe ukanificha, tukawa sawa.

Barua yako ya msiba ilinikuta nisiyeona kitu. Hapakuwa na mtu wa kunisomea Kiswahili, na niliona haya kuomba. Nilikaa nayo mfukoni mwa koti miezi kumi. Unajua nilidhani ni nini? Mwaliko wa harusi yako na yule mpole wa Tanga. Kila asubuhi niliigusa bahasha na kuona ni nene, nikasema, ndiyo, wameweka na picha.

Mwezi wa nne mwaka huu serikali ya kwetu ikaanguka. Askari walewale wa vita ndio walioiangusha, na watu wakacheza barabarani. Niliwasikia. Dada yangu akanifuata akanirudisha nyumbani. Hapo ndipo Leonor akaifungua barua yako na kunisomea kwa sauti kama mtu anayehesabu mawe. Nimepata habari ya kifo cha Mama kutoka kinywani mwa msichana aliyekuwa anatabasamu, kwa sababu hakujua anachosema.

Nilikasirika. Wiki mbili sikutaka kusikia jina la Lushoto. Halafu nikaukumbuka mto. Secilia, ule mstari haukuwa wangu. Siku ile basi lilipoharibika Soni, tulikaa kando ya barabara na vikapu, Mama akatazama maporomoko akasema, "Na wewe umechoka? Kaa hapa, tungoje wote basi la juu." Mimi niliandika tu. Nikahesabu yale ninayoyakumbuka: manne kati ya tisa yana maneno yake. Mama hakuharibu kazi ya mtu. Alichukua yaliyokuwa yake akayapeleka sokoni. Hapa nilipo wapo washairi wenye vitabu kumi na hawana mtu mmoja aliyewasoma mara arobaini.

Sasa naweza kupiga chapa chochote ninachotaka, polisi hawapo tena. Lakini usinitumie hizo karatasi. Nani atanisomea? Leonor ataniwekea mawe yake mezani, na mimi sitaki kuyasikia mashairi hayo hivyo. Yamezoea sauti za huko.

Sikuombi kitu. Mtu asiyeiona barabara hawezi kuahidi kuwahi mafyulisi. Nilitaka tu ujue kwamba nalitamani jiko lenu kila siku ninapoamka, na kwamba neno la Mombo bado ninalo.

Eliseu


Lushoto, 5 Januari 1975

Eliseu,

Nimerudi Lushoto kwa likizo, nakuandikia kwenye meza yako. Mafyulisi yameiva hadi yanaanguka yenyewe. Mwambie Leonor asome polepole, na asitabasamu, kwa sababu nimekasirika.

Umekaa na barua mfukoni miezi kumi ukinioza kwa Tobia! Tobia alioa mwaka juzi, binti wa Mlalo, na pilau nilipika mimi. Aliniposa mara mbili, mara mbili nikamwambia bado. Watu wakaniuliza bado nini. Mtu mwenyewe aliondoka Mombo na neno mdomoni.

Nilimsomea Bibi Rahabu barua yako. Alisikitika sana juu ya macho. Nikamwambia, basi Bibi, nipe ile karatasi tumtumie, yake ndiyo yenye maneno ya Mama. Akakishika kitabu chake kwa mikono miwili. "Nimetembea nayo toka Soni hadi huku juu, leo niitie kwenye sanduku la posta? Kama anaitaka aje aisikie." Nikamkumbusha kwamba huoni. Akasema, "Afadhali. Hataweza kuninyang'anya."

Amesema kweli, nami nasema hivyohivyo. Situmi hata moja. Wako watu kumi na tisa huku, kila mmoja na lake, na wamekwisha kugombana nani ataanza kukusomea.

Na wa ishirini ni mimi. Ile iliyonasa kwenye msumari sijamwonyesha mtu, hata Mama sikumsomea. Inasema:

Mwalimu amefuta ubao kwa kiganja.
Jina langu halipo ubaoni.
Nimeliona kwenye mkono wake.

Nimeisoma zaidi ya mara arobaini na naielewa yote. Nakupenda, Eliseu, na nimechoka kuandika. Leonor asome mstari huo mara mbili, hata kama hajui anachosema.

Secilia


Mtae, 17 Septemba 1975

Eliseu,

Miezi minane, hakuna jibu. Miti imetoa maua. Bibi Rahabu anauliza kila Jumapili, na mimi nimeishiwa uongo.

Secilia


TELEGRAMU
Dar es Salaam, 26 Novemba 1975
Kwa: Mwalimu Secilia, Mtae, kupitia Posta Lushoto

NIPO DAR. HATI ILICHELEWA. JUMAMOSI NAFIKA MOMBO. MTO UMEPATA BASI. NISHIKE MKONO.
ELISEU